LASIK, PRK au SMILE: kabla hujachagua, jua kwanza unene wa konea yako

Ukiwa na miwani ya mainasi, ile ya kuonea mbali, na umeanza kuwaza habari za leza, kila utakayemwambia atakuuliza "unafanya LASIK?" kana kwamba leza ya macho ni hiyo tu. Zinazofanywa sana ziko tatu, PRK, LASIK na SMILE, na ubishi wa ipi ni kali kuliko mwenzake hauishi leo wala kesho, ila wengi wanaobishana wanaruka kitu kimoja: mara nyingi jicho lenyewe ndo linachagua, sio wewe na wala sio tangazo. Ukishajua namba zako mbili, namba ya miwani na unene wa konea, nusu ya ubishi inakufa hapohapo.

Tuelewane kwanza leza inafanya nini. Mtu asiyeona mbali, jicho lake mara nyingi ni refu kuliko inavyotakiwa kutoka mbele kwenda nyuma, au konea, lile tabaka angavu la mbele kabisa, imebinuka sana kwa jicho la urefu huo. Mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ukifika kwenye retina ushatawanyika, unaona ukungu. Sasa leza haifupishi jicho hata kidogo. Inapunguza nyama kiduchu katikati ya konea ili ipungue kubinuka, mwanga usogee ukutane palepale kwenye retina. Njia zote tatu zinafanya hichohicho, wanachotofautiana ni jinsi ya kuifikia hiyo nyama.

Konea ya mtu wa kawaida katikati ina unene wa kama mikroni 540, yaani nusu milimita na chenji. Juu kuna ngozi laini, epitheli, kama mikroni 50 hivi, hiyo ukiikwangua inaota upya ndani ya siku chache. Chini yake kuna stroma, ndo sehemu kubwa ya unene wote, na hiyo ikishaondolewa imeondoka. Shika hilo maana tutalirudia kwenye hesabu.

PRK, mkubwa wao

Watu wanaidharau PRK kwasababu ni ya zamani, na hapo ndo wanapokosea. Mwaka 1981 watafiti wa IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waliijaribu leza ya eksima, leza ya mwanga wa UV usioonekana, kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu (kweli kabisa) wakaona inakata nyama safi bila kuunguza pembeni. Baadae daktari wa macho Stephen Trokel akaisogeza kwenye konea, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ikaipitisha PRK. Leza hiyo ya nanomita 193 ndo aina ileile inayochonga konea kwenye LASIK mpaka leo, kwahiyo anayekwambia PRK ni teknolojia iliyopitwa anasahau kuwa LASIK inatumia leza hiyohiyo. Mashine zimekuwa za kisasa zaidi kwa wote wawili, zinafuatilia jicho likisogea na mengineyo, lakini kazi ni ileile.

Inavyofanyika: unawekewa matone ya ganzi, daktari anaondoa ile epitheli ya juu, ama kwa alkoholi iliyochanganywa na maji inayokaa juu ya jicho sekunde 20 mpaka 30 hivi, ama kwa kibrashi, ama leza yenyewe inaiondoa, halafu leza inachonga stroma moja kwa moja kutokea juu. Ukimaliza unavalishwa lenzi laini ya kulinda kidonda, unakaa nayo siku 3 mpaka 5 hivi hadi ngozi iote. Basi. Hakuna kilichokatwa na kufunuliwa.

Tatizo la PRK ni wiki ya kwanza na hapa sitaki nikudanganye, siku mbili tatu za mwanzo inachoma, machozi yanatiririka, mwanga wa dirishani tu unakuwa adui, na hata maumivu yakiisha uoni bado ni wa kubahatisha, leo afadhali kesho ukungu. Kutulia kabisa ni mwezi mmoja mpaka mitatu, na wapo wanaofika miezi sita. Kama kazi yako ni ya kuangalia skrini au kuendesha gari na huwezi kupata likizo ya angalau wiki, PRK itakutesa kisaikolojia kuliko hata maumivu yenyewe, maana utaanza kujiuliza kama umeharibiwa macho kumbe ni ngozi tu haijatulia.

Kingine ni ukungu wa konea, kovu jembamba linaloweza kujitokeza hasa kwa wenye namba kubwa. Siku hizi madaktari wanapunguza hatari hiyo kwa kupaka dawa ya mitomisini C kwa sekunde chache wakati wa upasuaji, na wewe unaambiwa uvae miwani ya jua kwa miezi kadhaa kwasababu mionzi ya jua inachochea ukungu huo. Halafu kuna matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji, kwenye PRK yanaendelea wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na kuna watu yanawapandisha presha ya jicho bila wao kuhisi chochote, kwahiyo ukiambiwa rudi kliniki tarehe fulani rudi hata kama unajiona uko fiti.

LASIK na habari ya flepu

Jina la LASIK linahusishwa sana na Ioannis Pallikaris wa Ugiriki aliyeifanya mwaka 1990. Wazo lake ni rahisi: badala ya kukwangua ngozi ya juu na kusubiri iote, kata kifuniko chembamba, hiyo ndo flepu, kifunue kama ukurasa wa kitabu, piga leza ya eksima chini yake, kirudishe. Hakishonwi, kinajishika chenyewe. Zamani flepu ilikatwa kwa kisu cha mashine na ilikuwa nene, siku hizi sehemu nyingi wanakata kwa leza nyingine ya femtosekondi, inayopiga mipigo mifupi mno, na flepu inatoka na unene wa mikroni 100 mpaka 120 hivi, tena ulio sawa zaidi.

Raha ya LASIK ni kasi. Masaa machache ya kuwashwa na kuhisi mchanga, unalala, asubuhi unaona. Wengi kesho yake wanaona vizuri kiasi cha kurudi kwenye shughuli zao ndani ya siku moja au mbili. Kwa kasi hiyo hakuna anayeifikia, na nadhani ndo sababu jina lake limemeza mengine yote.

Gharama yake iko kwenye flepu yenyewe. Ukikata duara karibu zima la milimita 8 na nusu au 9 kwenye konea umekata na neva zinazopita hapo, na neva hizo ndo zinazoliambia jicho litoe machozi. Ndo maana macho makavu ni malalamiko namba moja ya LASIK, kwa wengi yanapungua ndani ya miezi 6 mpaka 12 neva zinavyoota tena, kwa wachache yanabaki. Kama tayari macho yako ni makavu kabla ya chochote, huwezi kumaliza hata siku moja na lenzi za kuvaa machoni bila kuwashwa, mwambie daktari apime machozi kwanza, kile kipimo cha kikaratasi kinachowekwa pembeni ya kope la chini dakika 5.

Pili, flepu haiungi ikarudi na nguvu ya mwanzo. Kingo zake zinafunga lakini ndani inabaki ni kitu kinachoweza kufunuliwa, hiyo ni faida kama baada ya mwaka inabidi kurekebishwa kidogo, daktari anainyanyua tu na kuongeza leza, na ni hasara ukipigwa kidole au ngumi ya jicho, kwa sababu kumekuwa na watu ambao flepu imesogea miaka mingi baada ya upasuaji. Ni nadra. Ila kama unacheza ndondi, karate, raga, mieleka, au kazi yako ni ya jeshi, nadra hiyo sio ya kuipuuza. Jeshi la majini la Marekani lilipoanza kuchunguza leza za macho kwa watu wake miaka ya 1990 lilianza na PRK.

SMILE

Hii ndo inayotangazwa sana sasa hivi. Imetoka Ujerumani, majina yanayotajwa ni Walter Sekundo na Marcus Blum, na FDA iliipitisha mwaka 2016. Hapa leza ya eksima haitumiki kabisa, inatumika ya femtosekondi peke yake: inachora kijilenzi ndani ya stroma bila kugusa ngozi ya juu, inatoboa mlango mdogo wa milimita 2 mpaka 4 pembeni, na daktari anaingiza kifaa chembamba anakibandua kile kijilenzi anakivuta nje kwa koleo ndogo. Konea inabaki na umbo pungufu kidogo katikati, na ule ukungu wa kuona umeondoka.

Faida ni kwamba mlango wa milimita 2 au 4 unakata neva chache mno ukilinganisha na duara la flepu, kwahiyo ukavu kwa kawaida ni mdogo au unaisha mapema zaidi, na hakuna flepu ya kusogea ukipigwa. Maumivu ni kidogo, karibu sawa na LASIK.

Ila kuna mambo matangazo hayayasemi kwa sauti. Uoni unachelewa kidogo kuliko LASIK, siku kadhaa wakati mwingine wiki kadhaa kabla ya kuwa mkali kabisa. Mkono wa daktari una uzito zaidi hapa, maana kukibandua kijilenzi na kukitoa kizima ni kazi ya mikono, kinaweza kuchanika au kipande kikabaki ndani, kwahiyo daktari aliyeanza juzi na daktari aliyefanya mamia ni vitu viwili tofauti kabisa, muulize bila aibu amefanya wangapi. Mashine inalishika jicho kwa kulifyonza kwa karibu nusu dakika na ukishtuka au kulisogeza mshiko unaweza kuachia katikati ya kazi, ikitokea hivyo daktari anaweza kulazimika kuhamia njia nyingine. Mwenye namba ndogo, tuseme -1 au -1.5, kijilenzi chake kinakuwa chembamba mno kukishika, yeye LASIK au PRK zinamfaa zaidi. Mwenye astigmatizimu kubwa, yaani konea yake imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, naye aulize mashine ni ipi, zile za mwanzo hazikuwa na uwezo wa kurekebisha jicho linapozunguka kidogo mtu akilala chali, za karibuni zimeboreshwa. Na ikibaki namba kidogo baada ya upasuaji, hurudii SMILE, kwa kawaida unafanyiwa PRK juu yake, yaani ile wiki uliyoikimbia inakukuta mbele.

Sasa hesabu

Hapa ndo patamu, na unaweza kufanya mwenyewe kabla hujaingia kwa daktari, usichukulie kama jibu la mwisho, ni ya kukusaidia kuuliza maswali ya maana.

Kila diopta moja (ndo kipimo cha namba ya miwani, -4 ni diopta 4) ya mainasi inakula takriban mikroni 12 mpaka 15 za stroma, inategemea upana wa eneo linalochongwa. Tuchukue 14. Halafu kuna kanuni kuwa baada ya kutoa flepu na kutoa kilichochongwa, chini lazima kibaki angalau mikroni 250, na madaktari wengi waangalifu wanataka 280 au 300. Kuna na kipimo kingine, kwamba flepu jumlisha kilichochongwa kisifike asilimia 40 ya konea nzima.

Mtu wa -4 mwenye konea ya 540: anachongwa 56, flepu 110, inabaki 374. Huyu yuko huru, achague anavyotaka, na kwa mtu kama huyu ubishi wa ipi bora kusema kweli ni ubishi wa ladha, wiki ya likizo na mfuko.

Mtu wa -7 mwenye konea ya 490: anachongwa 98, flepu 110, inabaki 282. Juu ya 250, sawa, lakini ukijumlisha 110 na 98 unapata 208 ambayo ni asilimia 42 ya konea yake. Huyu akiambiwa "LASIK haina shida" anyanyuke aende akaulize pengine. Akifanya PRK, anatoa ngozi ya 50 na stroma 98, chini inabaki 342, tena ile ngozi inaota tena. Tofauti ya mikroni 60 kwa jicho lilelile, kwa sababu tu hakukata flepu.

Na SMILE je? Utasikia sana kwamba SMILE inatunza konea. Ukiangalia kwa mikroni tu sio hivyo, kijilenzi kinaongezewa unene wa mikroni 10 mpaka 15 hivi ili kiweze kushikika bila kuchanika, na kinatolewa chini ya tabaka la mikroni 120 hivi, kwahiyo kwa huyu wa 490 chini kinabaki kama 257, kidogo kuliko hata LASIK! Wanaoitetea wanasema, na hoja yao ina mashiko, kwamba nyuzi za mbele za stroma ndo imara zaidi na SMILE haizikati isipokuwa kwenye ule mlango mdogo, kwahiyo lile tabaka la juu linaendelea kubeba uzito wakati flepu ya LASIK haibebi tena kitu cha maana. Sawa, lakini hiyo ni hoja ya nguvu, sio ya kiasi cha nyama, na mtu mwenye konea nyembamba asiingie SMILE akidhani amepona kwenye hesabu.

Kwanini nakazania hivi. Konea ikibaki dhaifu inaanza kuvimba mbele taratibu kwa presha ya ndani ya jicho, inaitwa ektasia, uoni unapinda na miwani ya kawaida haisaidii tena, matibabu yake yanahusu kuikaza konea kwa vitamini B2 na mwanga wa UV ili isiendelee, na hata hapo unazuia tu, hurudishi. Inatokea kwa wachache sana na wengi wa hao walikuwa na dalili ambazo picha ya konea ingezionesha. Kwahiyo ukifika kliniki wakapima namba na kukupangia tarehe bila kukupiga picha ya topografia, ile ramani ya umbo la konea mbele na nyuma, hapo hakuna cha kulinganisha LASIK wala SMILE, ondoka. Mwenye keratokonasi, ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni, hata ile iliyojificha, hafanyiwi yoyote kati ya hizi tatu kwa ajili ya kuacha miwani. Na ukiwa na ndugu mwenye keratokonasi au wewe mwenyewe una tabia ya kufikicha macho kwa nguvu, sema, usifiche.

Matokeo ya mwisho yanafanana

Hili linawashangaza wengi. Ukimpima mtu wa PRK, wa LASIK na wa SMILE baada ya miezi sita mpaka mwaka, kwa mwenye namba za kawaida, ukali wa kuona unakuwa karibu sawa tu. Kinachotofautiana ni safari na hatari zilizopo njiani.

Na zote zinaweza kukuletea mng'ao na miduara kwenye taa usiku. Uchunguzi wa FDA kuhusu LASIK ulionesha zaidi ya asilimia 95 ya washiriki waliridhika na uoni wao, na hapohapo kati ya waliokuwa hawana dalili kama hizo kabla, mpaka asilimia 46 waliripoti angalau moja miezi mitatu baada ya upasuaji, na mpaka asilimia 30 ya wasiokuwa na macho makavu waliyapata kwa kipindi hicho. Waliopata shida kubwa ya kufanya shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo hawakufika asilimia 1. Mimi nasoma namba hizo hivi: watu wanaridhika huku wana miduara, kwahiyo kama wewe ni dereva wa usiku au ni mtu wa kukereka na vitu vidogo, usiridhike kusikia "wote wanafurahi".

Ukiwa juu ya -8 au -10, au konea haitoshi, kuna njia ya nne ambayo sio leza, lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho nyuma ya ile sehemu yenye rangi na mbele ya lenzi yako ya asili, ICL. Konea haichongwi, ukavu hauongezeki sana, na inaweza kutolewa. Ila ni upasuaji wa ndani ya jicho, inahitaji nafasi ya kutosha kule mbele, na ina hatari zake, presha ya jicho na mtoto wa jicho zikiwemo. Kwa namba kubwa mimi ningeisikiliza hiyo kabla ya kukamua konea mpaka mikroni ya mwisho.

Kwahiyo nani achukue nini? Konea nyembamba, au mchezo wa kupigwa usoni, na unaweza kuvumilia: PRK. Konea nene, macho yenye unyevu mzuri, huna muda wa kupoteza, au namba ndogo: LASIK. Namba za katikati, macho yanaelekea ukavu, hutaki flepu, na umempata daktari mwenye mkono: SMILE. Chini ya miaka 18, au namba imebadilika zaidi ya nusu diopta mwaka uliopita, au mjamzito au unanyonyesha: hakuna hata moja kwa sasa, subiri. Ukiwa umevuka 40 jua kwamba miwani ya kusomea itakuja tu, leza ya kuona mbali haizuii hiyo, na wengine wenye mainasi ndogo waliokuwa wanavua miwani kusoma simu wanaikosa raha hiyo baada ya upasuaji.

Kabla ya vipimo acha lenzi za kuvaa machoni, zile laini wiki 1 mpaka 2, zile ngumu wiki 3 au 4 na zaidi, maana zinabana umbo la konea na vipimo vinadanganya.

Na baada ya yote, jicho lako refu bado ni refu. Retina yake imevutwa vilevile kama zamani, kwahiyo ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ghafla au pazia pembeni, wahi hospitali hata kama huna miwani tena. Presha ya jicho nayo itasomeka ndogo kuliko ilivyo kwasababu konea ni nyembamba, mwambie kila daktari wa macho utakayemwona kuwa uliwahi kupigwa leza. Omba na nakala ya vipimo vya kabla ya upasuaji, namba, unene na picha ya topografia, uitunze, siku ukipata mtoto wa jicho uzeeni daktari atazihitaji kukokotoa lenzi ya kukuwekea.